Kichupa cha Chakula cha Neva: Kisa cha Kijana wa Bodaboda, Kisumu

Swali lililozaa maandishi haya liliulizwa na mama wa mgonjwa, Jumapili saa moja asubuhi, akiwa ameshika chupa ya uji ambao haukuwa na wa kuunywa. "Daktari, jana usiku huyu mtoto aliniita. Aliniambia kichwa kinamuuma. Leo ananiangalia kama hanijui. Kama ni pikipiki ilimuumiza, si ilimuumiza jana?"

Mimi si daktari, ni klinikal ofisa, lakini huku kwetu ukivaa koti jeupe wewe ni daktari na kubisha ni kupoteza wakati. Sikumjibu vizuri asubuhi ile. Nilimwambia "ubongo umevimba, mama," jambo ambalo ni kweli na halielezi kitu. Alichouliza ndicho kiini cha kisa: pikipiki ilimuumiza jana, lakini ubongo ulikuwa bado unaumia leo, na ungeendelea kesho na keshokutwa. Katika siku hizo za kuendelea ndimo tulimokosea, na ndimo tulimookoa tulichookoa.

Kijana ana miaka 26, stendi yake ni Kondele. Jumamosi saa mbili usiku, mvua imetoka kukatika, alikuwa akirudi kutoka Mamboleo na abiria mmoja. Probox isiyo na taa ikachomoka kutoka barabara ya vumbi ikamgonga ubavuni. Abiria alivunjika mkono. Yeye aliangukia upande wa kushoto wa kichwa. Helmeti alikuwa nayo, imening'inia kwenye usukani, mahali ambapo helmeti nyingi za mji huu hufanyia kazi. Wenzake wa stendi walimpakia tuktuk na kumfikisha kwetu kabla ya saa tatu.

Tulimpima kwa kipimo cha Glasgow, ambacho tangu 1974 kinatumika kupima fahamu kwa macho, maneno na mwendo wa viungo, kuanzia alama 3 hadi 15. Alikuwa na 13. Alifungua macho akiitwa, aliongea huku akichanganya siku, alitii akiambiwa ainue mkono. Jeraha la ngozi ya kichwa lilikuwa refu, likashonwa na kufungwa bandeji. Pesa za CT scan zilichangwa kwa M-Pesa na watu wa stendi, na kufikia saa sita usiku picha ilikuwa mezani: michubuko ya ubongo upande wa kushoto, mbele na ubavuni, pamoja na damu kidogo. Daktari wa upasuaji alisema hakuna cha kufungua, aangaliwe kwa karibu.

Hapo kwenye kuangaliwa kwa karibu ndipo tulipoteleza. Wauguzi walikuwa wawili kwa wodi nzima, na usiku ule mgonjwa mwingine alikata roho mikononi mwao. Kati ya saa nane na saa kumi na moja alfajiri, karatasi ya kijana wetu haina hata kipimo kimoja. Sista alipomrudia alikuta bandeji imeloa, mto umeloa, presha ya juu (namba ya kwanza ya kipimo) imeshuka hadi 88 na oksijeni ni asilimia 87. Ngozi ya kichwa huvuja damu kwa ukarimu wa kutisha, na mshono mmoja ulikuwa umeachia. Mshono ukarudiwa, dripu ikafunguliwa, oksijeni ikawekwa, na kufikia saa kumi na mbili na nusu presha ilikuwa 112. Lakini alama zake zilikuwa zimeshuka hadi 9. Picha ya pili ilionyesha michubuko imepanuka na uvimbe umeongezeka, bado bila damu ya kufungulia kichwa.

Saa tatu zisizo na maandishi. Nimezirudia kichwani mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema.

Ili nieleze kwa nini saa hizo zina uzito, lazima niingie ndani ya seli. Niuroni haiishi kwa sukari na oksijeni peke yake, huishi pia kwa ruhusa. Kila seli ya neva ina ndani yake vimeng'enya vya kujiua, vinaitwa kaspasi, ambavyo muda mwingi vimelala. Sehemu kubwa ya kinachovilaza ni habari inayoingia kutoka nje ikisema: wewe bado unahitajika. Habari hiyo hubebwa na protini tuziite vikuzi. Cha kwanza kujulikana kilifuatiliwa na Rita Levi-Montalcini, Myahudi wa Torino aliyefungiwa milango ya chuo na sheria za kibaguzi za Italia za 1938, akageuza chumba chake cha kulala kuwa maabara na kuchunguza viinitete vya kuku. Yeye na wenzake waliona kwamba neva zinapokua zinazaliwa nyingi kupita kiasi, na zinazokosa kufika kwenye kikuzi hufa. Baadaye, huko St. Louis, Marekani, akishirikiana na Stanley Cohen, kikuzi chenyewe kilitambuliwa, na wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Kinachohusu kichwa cha kijana wetu zaidi ni ndugu yake, BDNF (kifupi cha jina la Kiingereza la kikuzi cha neva kitokacho ubongoni), aliyetolewa katika ubongo wa nguruwe mwaka 1982.

Kikuzi hakiingii ndani ya seli kutoa amri. Kinagusa kipokezi: protini iliyopenya utando wa seli, kichwa nje, mkia ndani. Kipokezi cha BDNF kinaitwa TrkB. BDNF yenyewe huja ikiwa pacha, Apiyo na Adongo wameshikana. Apiyo anamshika TrkB mmoja, Adongo anamshika mwingine, na vipokezi viwili vilivyokuwa vikielea kila kimoja kivyake vinaletwa bega kwa bega. Mikia yao ya ndani ikikaribiana, kila mmoja unambandika mwenzake fosfeti, kipande kidogo cha kemikali. Hapo ndipo habari inapowaka. Upande mmoja inapita kwa protini iitwayo Akt, ambayo inaifunga mdomo Bad, mchochezi wa kifo. Mitokondria, mitambo ya nguvu ya seli, hazivuji, kaspasi zinaendelea kulala. Upande mwingine inafika hadi kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za kustahimili, ikiwemo jeni ya BDNF yenyewe, kama mtu anayekopa unga jirani kisha naye anapanda mahindi yake.

Hiyo fosfeti inatoka wapi? Inatoka kwa ATP, kemikali inayobeba nguvu ndani ya seli, na ATP inatengenezwa kwa sukari na oksijeni zinazoletwa na damu yenye presha ya kutosha. Nilipomwelewesha mwanafunzi wangu jambo hili alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo presha ya 88 inazima kipokezi?" Si kwa urahisi huo, lakini hajakosea mbali. Kipokezi kinaweza kuwa kimeshikwa na pacha wake vizuri kabisa, na bado mashine ya ndani ikakosa cha kubandika.

Kisha kuna gharika. Seli zilizopasuliwa na kishindo humwaga glutameti, kemikali ambayo kwa kipimo cha kawaida ni lugha ya ubongo, na kwa wingi ule ni Mto Nyando uliovunja kingo na kuingia mashamba ya Kano. Glutameti inafungua milango ya kalisi (kalsiamu), kalisi inaingia seli za jirani ambazo pikipiki haikuzigusa, na ndani humo inaamsha kimeng'enya kinachoitwa kalpaini. Kalpaini hukata protini ovyo, na mojawapo ya inazokata ni mkia wa TrkB. Kinabaki kisiki: kichwa kiko nje, bado kinamdaka BDNF, lakini ndani hakuna mkia wa kupokea habari. Kibaya zaidi, kisiki hicho kinamshika Apiyo ambaye angekwenda kwa kipokezi kizima.

Na kuna kipokezi kingine, p75, ambacho huongezeka baada ya jeraha na ambacho tabia yake inategemea anayebisha hodi. BDNF hutengenezwa kwanza ikiwa ndefu, haijakatwa. Watu wa Busia na Teso watanielewa haraka: muhogo mchungu ukivundikwa na kuanikwa ni unga wa kuwapeleka watoto shule, ukiliwa mbichi unaua. BDNF iliyokatwa vizuri na vimeng'enya vyake huenda kwa TrkB na kuilisha seli. Isiyokatwa hushikwa na p75 na mwenzake sotilini, na habari inayoingia ni ile ile ambayo kaspasi zilikuwa zikiisubiri. Protini moja, jeni moja, na maana mbili zilizo kinyume.

Basi jibu ambalo mama alistahili kupewa Jumapili asubuhi, na ambalo nilimpa baadaye pamoja na habari za vikuzi, ni hili: pikipiki iliua seli za pale ilipogonga. Jana usiku mwanao aliongea kwa seli za pembeni, zilizokuwa hai na zinasubiri kuambiwa kama ziishi. Leo baadhi zimezimika, na nyingine zimevimba na kunyamaza.

Jumatatu kaka mkubwa alifika kutoka Nakuru na basi la usiku. Ni fundi wa umeme wa magari, mtu wa kuuliza maswali. Alinionyesha picha kwenye simu: kichupa kidogo cha kahawia, maandishi mengi, na chini yake ujumbe kutoka kwa mtu fulani anayeuza dawa kwamba hiki ni "chakula cha neva", kichocheo kinachoamsha ubongo, vichupa kumi, shilingi 78,000. Mchango wa stendi, kanisa na chama cha mama ulikuwa umefika 96,000.

"Daktari, wewe mwenyewe umemwambia mama ubongo unakosa chakula chake. Si hiki hapa?"

Lilikuwa pigo la haki. Maelezo yangu ya vikuzi ndiyo yaliyokuwa yakitumika kuuza kichupa. Niliogopa kusema "hapana" ya kitabibu, ile inayotoka puani, kwa sababu familia huisikia kama "hatujali". Tukakaa kwenye benchi la nje, chini ya mwarobaini, na nikachora kwenye kisanduku cha glavu.

Nilianza na ukuta. Kuta za mishipa ya damu ya ubongo zimezibwa nyufa kwa makusudi, na protini yenye ukubwa wa BDNF haipiti kutoka kwenye damu kwa kiasi cha maana. Fundi akauliza, kama ukuta umepasuka kwenye jeraha, si itapita hapo? Inapita kidogo, kwa siku chache, na inapita zaidi pale palipoharibika, si pale zilipo seli zinazosubiri. Nikamchorea kisiki cha TrkB. Hapo alinitangulia. "Kwa hiyo unaweza kuleta petroli kwa tanki, na pampu imekatwa." Sikuwa na la kuongeza.

Watafiti walishapita njia hii kabla ya yule muuzaji wa kwenye simu. Panya waliojeruhiwa ubongo wakadondoshewa BDNF moja kwa moja ndani ya kichwa, ukuta ukiwa umerukwa kabisa, na bado hasara haikupungua. Kwa binadamu kilichojaribiwa kwa uzito ni eritropoietini, kikuzi cha chembe nyekundu za damu ambacho ubongo nao una vipokezi vyake. Jaribio la wagonjwa 200 lililochapishwa 2014 halikuonyesha nafuu. Jingine la wagonjwa 606 lililochapishwa 2015 halikupunguza idadi ya waliobaki na ulemavu mkubwa baada ya miezi sita. Kwenye maabara dawa ile ilikuwa imependeza sana. Na tuna somo chungu zaidi la steroidi, ambazo kwa miaka mingi zilidungwa kwa nia njema kupunguza uvimbe: jaribio la CRASH, wagonjwa 10,008, mwaka 2004, lilionyesha kwamba waliopewa walikufa zaidi ndani ya wiki mbili, asilimia 21.1 dhidi ya 17.9. Mimi nilifundishwa na watu waliozidunga. Hawakuwa wajinga.

Kaka akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema neno ambalo lilibadilisha mwendo wa kisa. "Sawa. Lakini mama anasema usiku ule hakuna mtu alimpima. Hiyo nayo mtaeleza na kisanduku cha glavu?"

Nilimwambia ukweli, saa kwa saa. Nilimwambia kwamba kati ya mambo yote ninayoyajua kuhusu ubongo uliojeruhiwa, kushuka kwa presha chini ya 90, hata mara moja, ni miongoni mwa yanayotabiri mwisho mbaya kwa uhakika mkubwa. Sikuweza kumwambia ni alama ngapi kati ya zile nne zilizopotea ni za saa zile, na ni ngapi zingepotea hata hivyo. Alikasirika, akazunguka mwarobaini mara mbili, akarudi na kuuliza mashine ya kupima inauzwa wapi.

Pesa za kichupa zilienda hivi: kipima oksijeni cha kidoleni, mashine ndogo ya presha ya betri, betri za akiba, picha ya tatu ya CT, na nauli za watu watatu wa kupokezana. Mama mdogo wa kijana, mwalimu mstaafu, alileta daftari la mraba la shule ya msingi na kulichora mistari kwa rula: saa, presha, oksijeni, joto, macho, maneno, mkono. Kila nusu saa. Tulimpa mipaka: oksijeni ikishuka chini ya 94 au presha ya juu chini ya 110, amwite sista bila kuona haya. Alimwita mara kumi na moja katika siku nne, na mara saba kulikuwa na la kufanya. Kuna wenzangu waliolalamika kwamba tumewafanya jamaa kuwa wauguzi. Wana haki kulalamika, ila wamlalamikie anayepanga idadi ya wauguzi.

Mengine yalikuwa ya kawaida na nitayapita: kitanda kimeinuliwa kichwani nyuzi 30, shingo imenyooka, sukari inapimwa, fenitoini kwa siku saba za mwanzo kuzuia degedege, chakula kupitia mpira wa puani. Ila homa inahitaji neno. Siku ya nne joto lilifika 39, na Kisumu homa ina jina moja. Wodi nzima ilitaka adungwe ya malaria. Kipimo kilikuwa safi, mara mbili. Kilichokuwepo ni kifua kilichoanza kukusanya uchafu, na kikatibiwa. Lakini hata kabla ya kujua chanzo, homa yenyewe ilistahili kushushwa, kwa sababu ubongo wenye joto hutumia mafuta mengi, na tumekwisha kuona mafuta hayo yanagombewa na nani.

Siku ya sita alifungua macho bila kuitwa na kumfuata mama kwa macho. Furaha ilileta hatari mpya. Kaka, aliyesoma kwenye simu kwamba mazoezi huongeza BDNF, alitaka aamshwe atembezwe kwenye korido. Alichosoma si uongo. Tangu 1995 inajulikana kwamba panya wanaokimbia kwenye gurudumu huongeza BDNF ubongoni. Lakini utafiti wa 2004 ulichukua panya waliojeruhiwa na kuwagawa: walioruhusiwa kukimbia wiki ya kwanza hawakupata ongezeko hilo, na kujifunza kwao kukazorota, na waliosubiri hadi wiki mbili zipite walipata yote mawili. Panya si mtu wa Kondele, na kalenda ya panya haiwezi kubandikwa ukutani mwa wodi. Hata hivyo inakubaliana na hesabu ile ile ya ATP: seli iliyo kwenye deni usiipeleke shambani. Tulimgeuza kitandani kila saa mbili na kumnyoosha viungo tangu siku ya kwanza, tukamketisha wiki ya pili, na mtu wa tibaviungo akamsimamisha wiki ya tatu. Kaka alihesabu siku kwenye ukuta kwa chaki.

Alitoka siku ya 24 na alama 15. Mguu wa kulia ulikuwa unaburura kidogo.

Siwezi kusema ni vipokezi vilivyomponya. Hakuna aliyevipima, na hakuna mashine Kisumu ya kuvipima ndani ya mtu aliye hai. Michubuko kama ile mingine hupona yenyewe, na mingine huua kijana wa umri ule ule kwa matunzo yale yale. Ninachodai ni kidogo zaidi: ubongo wake ulikuja na mashine yake ya kujilinda, tayari imefungwa kwenye kila seli, na kazi yetu ilikuwa kutoizimia umeme. Usiku wa kwanza tuliuzima kwa muda tusioujua. Siku zilizofuata mwalimu mstaafu alikaa kando ya swichi.

Baada ya miezi minne walikuja kliniki. Kijana anatembea vizuri, anaosha pikipiki za wenzake pale stendi, na anakasirika upesi, jambo ambalo mama analisema kwa sauti ya chini akidhani yeye hasikii. Maneno humkimbia, hasa majina ya vitu. Nilimwomba asome chochote. Mama alitoa daftari la mraba kwenye mkoba, pembe zimekunjika, na yeye akaanza kusoma safu yake mwenyewe kwa kidole: "Saa tisa na nusu. Presha, mia na kumi na nne. Oksijeni, tisini na sita. Macho..." Akakwama kwenye neno lililofuata, akaligonga-gonga kwa ukucha. Mama mdogo aliinama kutaka kumsaidia, na kaka akamshika mkono amwache.